Benchi Lenye Jina la Dalmas

Kaloleni, Kisumu
9 Februari 2025

Joram, mtoto wa mama yangu,

Pokea salamu za Mama kabla ya zangu, maana anapenda kutangulizwa. Sisi ni wazima. Magoti yanamsumbua asubuhi, ila mdomo wake haujambo hata kidogo. Winny wangu ameingia darasa la kwanza na sasa anasoma kila kitu chenye herufi, hadi karatasi ya sabuni. Celestine wako hajambo? Na mtoto, bado anakataa ugali? Mwambie shangazi anamsalimu.

Barua hii nimempa Wakhungu, dereva wa gari la omena, na jibu umpe yeye vilevile. Usipige simu. Simu ya nyumba hii siku hizi inakaa mapajani mwa Mama, anasikiliza mahubiri, na ujumbe ukiingia Winny anausoma kwa sauti mpaka majirani wanaitikia. Nililonalo si la kusomewa Mama.

Unaukumbuka ule uwanja nyuma ya ukumbi, mlipokuwa mnacheza mpira wewe na Dalmas? Wameugeuza bustani. Wamefyeka, wamepanda nyasi, wameweka bembea nne, mtelezo mrefu wa manjano, ubao wa watoto kupanda na kushuka, na mchanga wa kuchezea kwenye sanduku kubwa la mbao. Jumapili kanisa likitoka, watu wanakuja na familia nzima, wanatandika leso, wanakula mandazi, kuna hadi lile jumba la kuruka linalojazwa upepo. Mwenyekiti wa kamati ni mtu anaitwa Frankline, amehamia hapa juzi tu, zamani alikuwa refa na filimbi hajaiacha. Mtoto akipanda mtelezo kinyumenyume, filimbi. Baba akitupa ganda la njugu, filimbi.

Mimi mahali hapo sikupapenda tangu mwanzo. Mikutano yao sikwenda hata mmoja. Katika mji huu, mtu akikupa kitu bure, ujue bado hajakwambia anachotaka. Lakini Winny alilia wiki nzima, nikampeleka.

Sasa sikia. Chini ya mti, ukitazama bembea, wameweka benchi. Ndilo la pekee kwa sasa. Limetengenezwa kwa mbao nzito za mashua, limepakwa mafuta, zuri kweli. Na mgongoni mwake limechongwa: DALMAS WA NASIPWONDI.

Joram, nililisoma mara mbili. Jina la ndugu yetu na jina la Mama, pale, mbele ya watu wanaokula mandazi. Kwetu jina la mtu likichongwa kwenye mbao, mbao hiyo ni msalaba. Nilikaa nikalifunika kwa mgongo wangu mpaka Winny alipochoka kubembea. Kisha nikamuuliza Frankline nani amelileta. "Imetoka Port Victoria, Mama Winny," akaniambia. "Ilifika na gari ikiwa imeandikwa tayari. Mimi kazi yangu ni kupokea tu."

Port Victoria ninamjua mtu mmoja. Ni wewe. Nani ameandika jina la mtu ambaye hajazikwa?

Dada yako,
Maryanne


Port Victoria
2 Machi 2025

Dada Maryanne,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa umenitisha kidogo. Huku tuko salama. Celestine anakusalimu, amefungua kibanda cha samaki wa kukaanga karibu na forodha na watu wanamsifu. Mtoto ugali sasa anakula, tena anaomba nyongeza. Omena wamepungua, lakini mbuta wanapatikana. Mvua bado. Pole kwa magoti ya Mama, jaribu kumkanda kwa maji ya chumvi.

Kuhusu hilo benchi, mimi sikulitengeneza. Pengine ni mtu anayemkumbuka Dalmas kwa wema, maana alikuwa na marafiki wengi. Usiliwaze sana.

Je, mahali lilipowekwa kuna kivuli cha kutosha mchana? Na Mama ameshalikalia? Ninauliza tu, kwa sababu ya magoti yake. Si mbali na nyumbani, akienda polepole atafika.

Wasalimie wote.

Joram


Kaloleni
18 Machi 2025

Joram,

Winny anasema ahsante kwa samaki uliowatuma na Wakhungu, na Mama anasema walikuwa wadogo. Mimi mwenyewe ni mzima, isipokuwa silali vizuri, na nitakwambia kwa nini.

Nilikuuliza nani, wewe ukaniuliza kivuli. Nimeisoma barua yako mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Umesema hukulitengeneza. Hukusema humjui aliyelitengeneza. Mimi ndiye niliyekulea wewe na Dalmas Mama alipokuwa akienda Dunga kununua samaki wa kuuza, na ninajua unavyozungumza ukiwa umeficha kitu. Utotoni ukivunja sahani ulikuwa unauliza kama nimechoka.

Nimemuuliza pia Wakhungu kama gari lake ndilo lililoleta benchi. Akaniambia yeye hubeba samaki, habebi fanicha. Alisema huku akikagua tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.

Na yametokea mengine. Mama alikuwa akiomba kupelekwa bustani amwone Winny akibembea, nami nikawa nazua sababu. Nikasema kuna nyoka. Nikasema kuna vijana wanapora simu. Juzi nikiwa sokoni, akamshika Winny mkono wakaenda. Na Winny, unajua, anasoma kila kitu.

Nilipofika nilimkuta Mama amesimama mbele ya benchi, amekataa kulikalia. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Nani amemzika mtoto wangu bila kunieleza?" Frankline naye akaja na filimbi yake, akamtazama Mama usoni, akairudisha mfukoni.

Wewe hukai naye, Joram. Ni mimi ninayemwona. Tangu ule mwaka ziwa lilipopanda, mashua ya Dalmas ikaonekana tupu na mwenzake Calvince akatolewa majini akiwa amekufa, Mama hajakubali mtu aseme "marehemu" mbele yake. Kanisani wakianza kusoma majina ya waliotangulia, yeye huinuka akatoka nje, akarudi wakimaliza. Mama yake Calvince alizika akalia akamaliza. Mama yetu hajaruhusiwa hata kulia. Na sasa mtu amekwenda kumwandikia jibu kwenye kiti cha bustani.

Habari zimefika Seme, kwa Baba. Baba Mdogo Opondo alikuja mwenyewe, akakalia kiti cha mlangoni, hakugusa chai. Anasema jina likishachongwa mbele za watu halafu mwenyewe hana kaburi, mambo hayo hayakai pamoja. Ama lifutwe, ama kaburi lichimbwe. Anataka tuzike yago. Unaijua desturi ya kwa Baba: aliyepotelea majini na mwili haukupatikana, tunda la yago linafungwa nguo, linatiwa kwenye jeneza, linalazwa kaburini na kuliliwa kama mtu. Mama ni Mluhya na hilo tunda alikuwa hataki hata kulisikia. Safari hii alikubali kwa neno moja, "Basi."

Wewe ndiye uliyekuwa Port Victoria siku hiyo. Dalmas alitoka kwako kwenda majini. Nakuuliza sasa wazi, na nisamehe kama nimekosea: unajua alivyokufa?

Maryanne


Port Victoria
13 Aprili 2025

Dada,

Salamu kwa Mama. Hapa Celestine alikuwa na malaria lakini amepona. Mvua imeanza, barabara ya huku ni matope matupu.

Sikumuua ndugu yangu. Imeniuma kwamba umeweza kuliandika hilo neno, hata kama umelizungusha.

Ninakuomba kitu kimoja tu. Msizike. Mwambie Baba Mdogo angoje. Mwambie lolote, kwamba mimi ni mgonjwa, kwamba sina nauli, kwamba mvua itaharibu kaburi. Usimwache Mama anyolewe nywele. Usiniulize sababu, kuna mambo ambayo si yangu kuyasema na nimeshikwa na neno langu. Pasaka nitakuja, tukae bustanini, nikueleze uso kwa uso.

Na lile benchi msilifute jina.

Joram


Kaloleni
27 Aprili 2025

Joram,

Sisi hatujambo. Pasaka ilipita. Nilipika kuku, nikamweka Winny getini akungoje, akangoja mpaka akalala kwenye ngazi. Celestine hajambo?

Hukuja. Port Victoria na Kisumu si Ulaya na Afrika. Mtu anatoka huko asubuhi na chakula cha mchana anakila hapa. Kwa hiyo nimekaa nikajiuliza ni mtu wa namna gani asiyetaka ndugu yake azikwe. Nimepata jibu moja tu, na silipendi. Ni mtu anayejua mwili uko wapi, anayeogopa kwamba siku ya mazishi wazee wataanza kuuliza maswali makaburini.

Siku hizi namshuku kila mtu, hata najichoka. Namshuku Wakhungu na matairi yake. Namshuku Frankline, ambaye kila nikipita ananipungia mkono kama tunadaiana salamu. Wiki iliyopita alianza kuniita, "Mama Winny, kuhusu ile benchi, mtoaji wake—" nikamwambia sina haja na maneno yake, nikaenda zangu. Nimeshasikia ya kutosha kuhusu kupokea tu.

Kuna mtu alipiga simu Jumatano, Mama akashika, mtu akanyamaza, akakata. Mama akasema, "Amevuta pumzi kama Joram." Ulikuwa wewe?

Mazishi ni Jumamosi tarehe 17 Mei, Seme. Baba Mdogo amekataa kungoja, na mimi sikuwa na sababu ya kumpa, kwa kuwa wewe hukunipa. Mama ameanza kula vizuri tangu tarehe ilipopangwa. Hilo ndilo linalonishangaza na kuniumiza. Ametoa shati la Dalmas sandukuni, amelifua, ameliweka tayari kwa ajili ya tunda.

Kama unajua kitu, kiandike. Sihitaji maelezo. Andika neno moja.

Maryanne


Port Victoria
11 Mei 2025

Dada yangu,

Hai.

Ndilo neno uliloomba. Dalmas yuko hai. Yuko kisiwani, upande wa Uganda, anatengeneza mashua. Ameoa, mke wake anaitwa Nabututu, wana watoto wawili.

Mashua ilipopinduka alimshika Calvince mpaka mikono ikaisha nguvu, akamwachia. Wavuvi wa ng'ambo wakamwokoa yeye peke yake. Akasema hawezi kurudi Kaloleni akapita mlango wa mama yake Calvince akiwa mzima. Nilipompata aliniapisha nisiseme, hata kwa Mama. Nilidhani ni kwa mwezi mmoja mpaka hofu ipungue. Mwezi ukawa mwaka, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu kusema nilijua tangu lini.

Kila mwezi nikivuka kwenda kununua samaki ninampelekea habari zenu. Habari za Winny, habari za magoti. Nilimwambia pia kuhusu bustani. Frankline aliingizwa kwenye kikundi cha simu cha tuliokulia Kaloleni tukahama, akatangaza kwamba anayeweza atoe benchi, na kila benchi litaandikwa jina la aliyelitoa. Dalmas akasema atalitengeneza kwa mkono wake, ili Mama apate pa kupumzika Winny akibembea. Jina aliliweka kwa sababu walisema weka jina, na nadhani alikuwa amechoka kujificha. Wakhungu alilibeba, mimi nilimwomba anyamaze. Wallahi, Dada, hatukufikiri mtu atalisoma kama msalaba. Ulipoandika ndipo nilipoona tulichofanya.

Ndiyo, nilipiga simu. Nilisikia sauti ya Mama nikashindwa.

Wasizike. Akizikwa, Baba Mdogo hatamruhusu kukanyaga kwa Baba tena. Mwonyeshe barua hii. Ninampa Wakhungu leo jioni, maana nikipiga simu atashika Mama.

Joram


Kaloleni
25 Mei 2025

Joram,

Salamu nitazipunguza leo. Winny ni mzima. Mama ni mzima, nitafika kwake.

Gari la Wakhungu lilikwama kwenye matope ya njia ya kwenu, na lilipotoka likapelekwa gereji. Barua yako alinipa Jumatatu, tarehe 19. Alinikabidhi akiwa ametazama chini, kwa hiyo nadhani alijua alichobeba. Hakujua tu kwamba karatasi nayo inaoza, kama samaki.

Tulimzika Jumamosi. Ilikuwa mazishi kamili. Tunda lilivikwa shati la bluu. Walikuja watu wa kanisa, watu wa Kaloleni walikodi basi, na mama yake Calvince alikaa karibu na Mama akimshika mkono kutwa nzima. Sikiliza hilo vizuri ukamwambie ndugu yako: yule mama aliyemwogopa ndiye aliyemshika Mama mkono. Alimwambia, "Sasa na wewe utapumzika, nyar jowa, binti wa kwetu." Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Akanyolewa. Usiku huo alilala bila kuamka, na mimi nikamshukuru Mungu, na nikakulaani wewe kidogo kwa kutokuja.

Tulirudi mjini Jumapili. Winny alitaka bustani, nikampeleka nisibishane naye. Sikuwa nimeingia mle tangu Mama alipolikuta lile jina. Mabenchi yalikuwa yameongezeka, pande zote za bembea. Nikasoma la kwanza: DAKTARI NASWA. Huyo ni yule wa duka la dawa, alikuwa pale pale akimsukuma mtoto wake. La pili ni la kikundi cha akina mama wa mboga, nusu yao nilikuwa nao kwenye basi la mazishi. Na la tatu limeandikwa FRANKLINE, na Frankline mwenyewe amelikalia, anatafuna njugu.

Nikamuuliza, "Wewe unaandikaje jina lako kwenye benchi ukiwa mzima?"

"Sasa Mama Winny, nani mwingine atatoa benchi?" akasema. "Maiti?"

Alicheka, halafu akaniona kichwani nimefunga kitambaa cha matanga, akaacha. Akasema alijaribu kuniambia. Ni kweli alijaribu. Nilimgeuzia kisogo kwa sababu nilimshuku, na maswali niliyopaswa kumwuliza yeye nilikuwa nakuandikia wewe. Nilikaa kwenye nyasi, mtu mzima mimi, watoto wananiruka. Kwa hiyo barua yako ilipofika kesho yake, lile neno moja nilikuwa nalo tayari.

Baba Mdogo nimempigia. Anasema aliyelazwa kaburini hapiti getini kwa Baba, si sasa, na huenda isiwe kamwe. Atakaa na wazee. Nimemwambia wakae watakavyo. Seme ni kwake, lakini nyumba ya Kaloleni naishi mimi na Mama, na mlango wake haujui yago.

Mama nilimwambia jana. Nilimkalisha kitandani, nikamsomea barua yako, si yote. Nilisoma mpaka pale pa mke na watoto, nikaikunja. Nilidhani atapiga kelele, au atacheka, au ataomba tumfuate leo hii. Alipapasa kichwa chake kilichonyolewa. Halafu akaniuliza swali moja tu.

"Alikuwa anajua kwamba namngoja?"

Nikamwambia sijui. Nimemdanganya mama yangu, Joram, kwa sababu mkononi nilikuwa na karatasi yako inayosema kila mwezi ulimpelekea habari zetu. Alikuwa anajua. Na wewe ulijua kwamba anajua.

Mama ameliuliza tena leo asubuhi, na tena mchana. Mimi sitalijibu. Njooni mlijibu nyinyi wawili, mbele yake, na mje kabla nywele zake hazijaota.

Maryanne